Mali ya Mwinyi Kheri: Maisha ya Mfanyabiashara wa Ujiji katika Karne ya 19



Mwaka 1876 Henry Morton Stanley alifika Ujiji kwa mara ya pili. Mara ya kwanza, miaka mitano nyuma, alikwenda kumtafuta Livingstone, na habari hiyo ikaenea dunia nzima. Mara hii ya pili alikaa mjini akijiandaa kulizunguka Ziwa Tanganyika, na katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1878 aliandika jambo ambalo wasomaji wengi hulipita mbio: alihesabu mali ya mzee mmoja wa mji. Watumwa 120. Bunduki 80. Frasila 80 za pembe za ndovu. Tembe mbili. Shamba la ngano na mpunga. Mitumbwi tisa yenye makasia na matanga yake. Ng'ombe 40 na mbuzi 20. Mitumba 30 ya nguo, magunia 20 ya shanga, ratili 350 za waya wa shaba na ratili 200 za waya wa chuma. Kwa bei za soko la Ujiji, alikadiria Stanley, vyote hivyo labda vingefikia dola 18,000.

Mzee huyo ni Mwinyi Kheri, mtu wa Mrima, yaani pwani ya bara inayoelekea Unguja. Hakujenga dola kama Tippu Tip, wala hakuongoza majeshi kama Mirambo wa Urambo. Alikuwa mfanyabiashara wa mji mdogo. Stanley aliwakisia watu wa Ujiji kuwa kama 3,000, wakikaa katika mitaa miwili: Ugoy, walikokaa Waarabu na Waswahili wenye mali, na Kawele, walikokaa waungwana, watumwa na wenyeji. Leo kata moja ya mji wetu wowote ina watu wengi kuliko hao.

Nimemchagua yeye kwa sababu vitabu vyetu vya historia vimejaa mitutu na pembe. Mtoto wa shule akiulizwa wafanyabiashara wa pwani walikwenda bara kufanya nini, atajibu kwa neno moja. Hoja yangu leo ni kwamba pembe za ndovu peke yake hazielezi maisha ya mtu kama Mwinyi Kheri. Aliishi kwa watu: waliomkopesha, waliompokea na kumwoza, waliomvusha ziwani, na wale aliowamiliki kwa dhuluma. Orodha ya Stanley, ukiisoma taratibu, inawataja wote hao, hata pale mwandishi alipodhani anahesabu bidhaa tu.

Tuanze na mji wenyewe. Richard Burton na John Speke walifika Kawele Februari 1858. Burton aliambiwa kwamba Waarabu walianza kufika Ujiji karibu mwaka 1840, miaka kumi hivi baada ya kuingia Unyamwezi, na kwamba kwa muda mrefu walikuja wakati wa kiangazi tu, wakauza na kununua, wakarudi Unyanyembe, nchi ya Tabora. Hawakuanzisha soko pale. Walilikuta. Wajiji walikuwa wakivua, wakikamua mawese, na wakipokea chumvi kutoka chemchemi za Uvinza, mifugo na nafaka kutoka Buha na Urundi, na bidhaa za watu wa ng'ambo ya ziwa. Mtu wa pwani aliingia katika biashara iliyokuwa ikiendeshwa na wenyewe, akaongeza nguo yake, ushanga wake na bunduki yake. Jambo hili hupotea tunaposema kwamba wafanyabiashara wa pwani walifungua bara, kana kwamba bara lilikuwa limefungwa likiwangoja wao.

Soko hilo lilikuwa na fedha zake. Verney Lovett Cameron, aliyefika Februari 1874, aliziona. Fedha ya Ujiji ilikuwa ushanga uitwao sofi, ambao kwa macho yake ulifanana na vipande vya mkono wa kiko uliovunjika. Asubuhi soko lilipofunguka, walikaa watu wenye mifuko ya sofi. Aliyekuja na ushanga wa namna nyingine, akitaka kununua samaki au mafuta, alibadilisha kwao kwanza. Soko lilipofungwa wale wauzaji waliwarudia watu walewale, wakawapa sofi, wakachukua ushanga walioutaka. Mbadilishaji alipata faida asubuhi na akapata tena wakati wa kufunga. Nasema jambo hili kwa kirefu kwa sababu bado wako wanaoamini kwamba bara la karne ya 19 lilikuwa mahali pa kubadilishana kitu kwa kitu, mbuzi kwa jembe, bila hesabu. Ujiji kulikuwa na fedha ndogo, kulikuwa na watu wa kuzivunja, kulikuwa na bei inayopanda na kushuka. Magunia 20 ya shanga ya Mwinyi Kheri tuyaelewe hivyo: hayo yalikuwa fedha zake taslimu, na zilikuwa fedha ambazo aina ikichujuka sokoni zinaweza kukufia mkononi. Msafiri aliyekuja na mzigo wa rangi isiyopendwa mwaka ule alilala njaa huku amebeba mali.

Sasa mitumba ya nguo. Mitumba 30 maana yake ni wapagazi 30, kila mmoja na mzigo wake begani, kutoka Bagamoyo hadi Tabora, na kutoka Tabora kupitia Uvinza hadi ziwani. Wengi wa wapagazi hao walikuwa Wanyamwezi, mafundi wa kazi ile, wenye desturi zao za ujira na viongozi wao wa njia. Ndani ya mtumba kulikuwa na merikani, nguo nyeupe iliyopata jina lake kwa kuwa ilifumwa Marekani, katika viwanda vya Massachusetts, ikaletwa na merikebu za Salem; na kulikuwa na kaniki iliyotiwa rangi ya nili, kutoka India. Shanga nyingi zilitoka Venice. Kwa hiyo mzee wa Ujiji aliyekaa barazani akihesabu doti na shuka alikuwa ameungwa na wafumaji wa Marekani, watia rangi wa India na mafundi wa vioo wa Italia, na wala hapakuwa na mmoja kati yao aliyelijua jina lake.

Aliyelijua jina la mfanyabiashara wa bara ni mdai wake. Nguo ile haikununuliwa kwa fedha mkononi. Biashara ya misafara ilisimama juu ya mkopo wa wafanyabiashara wa Kihindi wa Unguja, nyumba kubwa kama ya Jairam Shivji na ya Taria Topan, na wengine wengi wadogo pwani nzima. Mtu alichukua bidhaa leo akaahidi kulipa pembe baada ya mwaka mmoja, miwili au zaidi, kwa faida iliyokwisha kuhesabiwa tangu siku ya kwanza. Pembe zikikosekana, au njia ikifungwa, deni halikusimama kumngoja. Ndiyo maana wengi walikaa bara hadi uzee. Wako waliopenda maisha ya huku, na wako ambao wangeirudia pwani kama wangekuwa na cha kumwonyesha mdai.

Na njia ilifungwa kweli. Mwaka 1871 vita vilizuka kati ya Mirambo na Waarabu wa Tabora, na kwa miaka kadhaa mawasiliano ya Ujiji na pwani yakawa ya mashaka. Livingstone na Stanley walipoondoka Ujiji kurudi Unyanyembe ilibidi wazungukie kusini. Sayd bin Majid, mmoja wa wakubwa wa Ujiji, alimpoteza mwanawe Soud katika vita hivyo. Ni Sayd huyohuyo ambaye, Livingstone aliporudi Ujiji kutoka Manyema, magharibi ya ziwa, mwishoni mwa 1871, amechoka na hana kitu, alijitolea kuuza pembe zake apate kumsaidia. Livingstone alikuwa amekuta akiba yake yote imeuzwa na mtu aliyekabidhiwa. Mzigo ule ulikuwa na maelfu ya yadi za nguo na ratili mamia za shanga. Ukiweka matukio haya mawili pamoja unaona ulimwengu wa Mwinyi Kheri ulivyokuwa: mahakama ya kumshtaki mwizi iko Unguja, mwendo wa miezi, na papo hapo yupo jirani anayekupa mali yake kwa neno tu. Jina jema lilikuwa rasilimali. Aliyelipoteza hakuwa na mahali pa kulikopa.

Tuje ziwani. Mwaka 1858 Burton na Speke walitaka chombo cha kulichunguza ziwa, wakaambiwa lipo jahazi moja, la Sheikh Hamed bin Sulayyim, katika kisiwa cha Kasenge, upande wa magharibi. Speke akavuka kwa mtumbwi kwenda kuliomba. Alipokelewa vizuri sana, akakaribishwa, na jahazi hakulipata. Sitaki kumlaumu Sheikh Hamed. Chombo chenye tanga katika ziwa lile kilikuwa chanzo cha riziki, na mwenye akili hampi mgeni riziki yake akachezee.

Miaka 18 baadaye Mwinyi Kheri peke yake alikuwa na mitumbwi tisa yenye matanga. Huo ndio mgeuko mkubwa wa kizazi chake, na kwangu mimi ni muhimu kuliko bunduki 80. Mitumbwi mikubwa ya Ujiji ilichongwa kwa magogo makubwa ya misitu ya Ugoma, ng'ambo ya ziwa, kisha ikavutwa majini na kuletwa mashariki. Watu wa pwani walileta ujuzi wao wa tanga, na mbao za kuinua ubavu. Lakini mabaharia walikuwa wenyeji. Mjiji ndiye aliyejua upepo wa kusi unapoamka, ghuba ya kujificha, na mahali pa kulala usiku. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita 670 hivi na dhoruba zake huja ghafla, asiyelijua humuua.

Cameron alisimulia kwamba vyombo vilipofika rasi ya Kabogo, nahodha alisimama na kutoa shanga kuwa sadaka kwa mzimu wa mahali pale, akiomba njia njema. Fikirini hali hiyo. Mwenye mali ni Mwislamu wa Mrima, mtu wa swala tano, na shanga zinazotupwa majini ni zake. Anakaa kimya, kwa sababu safari hii si yake peke yake. Wale wanaofundisha kwamba Uislamu wa bara uliingia kwa upanga wangefaidika kukaa katika mtumbwi ule kwa muda. Watu wa pwani na wenyeji waliishi pamoja miaka mingi, huyu akimhitaji yule, na taratibu watu wa ziwa wakachukua kanzu, lugha na dini kwa namna yao wenyewe.

Kutoka majini nirudi nchi kavu, kwenye tembe mbili na shamba la ngano na mpunga. Hapa ndipo linapoonekana jambo ambalo mfanyabiashara wa mpakani hawezi kulikwepa: ardhi ni ya wengine. Ujiji ilikuwa na mtawala wake, na chini yake watwale, wakuu wa vijiji na mitaa, waliodai hongo kwa mgeni anayeingia na fungu lao katika biashara. Burton alimlalamikia sana Kannena, mkuu wa Kawele, aliyemtoza na kumzungusha, na ambaye hatimaye ndiye aliyempeleka hadi Uvira kwa mitumbwi miwili, Aprili 1858. Burton alimwona mporaji. Mimi naona mtu anayetoza ushuru katika mji wake, na anayefanya kazi aliyolipwa.

Mwinyi Kheri alichukua njia nyingine. Cameron anamtaja kuwa tajiri wa Kimrima, na anasimulia ndoa yake na binti wa mtawala wa Ujiji. Kwa ndoa hiyo mgeni anayelipa hongo aligeuka mkwe. Mkwe hulima shamba, na hukaa barazani shauri linapozungumzwa. Mkwe pia ana wajibu: hapigi nchi ya baba mkwe, hufungua ghala njaa ikija, na anatazamiwa kuwaweka sawa wenzake wa pwani wakikosa adabu. Wakubwa wa Kiarabu wa Tabora walikuwa wengi na wenye nguvu, wakamwondoa mtemi wasiyemtaka na kumweka wamtakaye. Ujiji watu wa pwani walikuwa wachache, na kwa miaka mingi walikaa kwa heshima ya wenyeji. Ndiyo sababu, naamini, aliyefika juu kati yao alikuwa Mswahili wa Mrima mwenye wakwe mjini, na wala si mtu wa ukoo mkubwa wa Omani.

Sasa niseme lililo gumu. Orodha inaanza na watu 120.

Stanley aliacha pia bei za soko la Ujiji, kwa doti za nguo. Ratili moja ya pembe, nguo moja. Mbuzi, nguo mbili. Dume la ng'ombe, nguo 10. Mvulana wa miaka 10 hadi 13, nguo 16. Mwanamume mzima, nguo 10 hadi 50. Mwanamke wa miaka 18 hadi 30, nguo 80 hadi 130, na msichana zaidi ya hapo. Tufanye hesabu. Frasila moja ni ratili 35, kwa hiyo pembe zote za Mwinyi Kheri zilikuwa ratili 2,800, sawa na nguo 2,800. Watu 120, hata tukiwakadiria kwa chini, nguo 40 kila mmoja, ni nguo 4,800. Mzee tunayemwita mfanyabiashara wa pembe alikuwa na mali kubwa zaidi katika watu kuliko katika pembe.

Hawa hawakuwa wakingoja kupelekwa pwani. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na mwaka 1876 Sultani Barghash alipiga marufuku misafara ya watumwa kutoka bara. Ujiji utumwa uliendelea kwa sababu mji wenyewe uliwategemea watumwa. Walilima ule mpunga na ngano. Walipiga makasia. Walibeba, walijenga, walipika. Wengine walishika bunduki, na wengine walitumwa na mtumbwi uliojaa bidhaa hadi Uvira au Manyema wakafanye biashara kwa niaba ya bwana wao. Wengi walitekwa Manyema na nchi za magharibi ya ziwa, ambako katika miaka ya 1870 misafara ya pwani ilichoma vijiji. Livingstone aliyashuhudia mauaji ya soko la Nyangwe tarehe 15 Julai 1871, wanawake wakipigwa risasi wakikimbilia mtoni, na aliwaandika waliofanya hivyo kuwa watu wa misafara hiyohiyo ya pwani.

Wako wanaosema utumwa wa Waswahili ulikuwa mwepesi, kwamba mtumwa alioa, alimiliki, alisafiri, aliitwa mwana. Ni kweli kwamba wengine walipanda, wakaitwa waungwana, wakawa na mali. Lakini mvulana wa miaka 11 aliyekamatwa ng'ambo, akavushwa ziwa na kuuzwa kwa nguo 16, mama yake amebaki au ameuawa, hakuulizwa kama ni mwepesi. Sisi tunaotukuza ustaarabu wa miji yetu tuna deni la kuyasema haya kwa sauti ileile tunayotumia kusifu milango ya nakshi. Mwaka uleule wa 1876 ndui iliingia Ujiji, na Stanley aliandika kwamba watu kwa makumi walikuwa wakifa kila siku. Katika mji wenye watu kama 3,000, kwenye vibanda vya msongamano vya Kawele, tunajua ugonjwa huo uliwakuta kina nani kwanza.

Bunduki 80 zilikuwa na kazi zake, na nyingi za kazi hizo zilikuwa kaskazini. Uvira, kwenye ncha ya juu ya ziwa, karibu na mto Rusizi unapoingia, ilikuwa nchi ya pembe na mateka. Pale Mwinyi Kheri hakuwa mkwe wa mtu. Watu wake walikaa wakitoza na kuamuru. Mzee mpole wa baraza la Ujiji na bwana wa Uvira walikuwa mtu mmoja. Alijua kwa hakika mahali pa kuinama na mahali pa kusimama wima, na mpaka kati ya tabia hizo mbili ulikuwa maji ya ziwa.

Wakaja wageni wa namna nyingine. Agosti 1878 wamisionari wa London walifika Ujiji, mmoja wao Edward Hore, baharia kwa kazi yake ya awali, aliyebaki ziwani kwa miaka mingi na kutuandikia mengi ya kweli juu ya mji. Mwenzake, J. B. Thomson, alifariki mwezi uliofuata. Januari 1879 wakafika Mapadre Weupe wa Kardinali Lavigerie. Wafanyabiashara waliwatazama kwa mashaka makubwa. Watu hawa hawanunui pembe, wanaandika kila kitu, na nyuma yao kuna balozi wa Kiingereza Unguja, John Kirk, ambaye Sultani anamsikiliza. Hore alicheleweshwa, akazungushwa, ruhusa ya kujenga ikageuka maneno. Mwinyi Kheri hakumfukuza na hakumkubali. Alitumia silaha ya watu wa katikati, ambayo ni muda. Wamisionari walipochoka walitafuta makao kwingine: Waingereza wakaenda Mtowa, ng'ambo, na mapadre wakaenda Rumonge, katika Urundi, ambako watatu kati yao waliuawa Mei 1881.

Mwaka huohuo wa 1881 Barghash alimpa Mwinyi Kheri cheo cha liwali, na bendera nyekundu ya Zanzibar ikawa ndiyo bendera ya mji. Wengi huona hapo kilele cha maisha yake. Mimi naona hasara. Kwa miaka mingi nguvu yake ilikuwa imetoka kwa watu wa pande zote mbili kumhitaji: wenyeji walimhitaji awazuie wageni, wageni walimhitaji awasemee kwa wenyeji. Bendera ilimweka upande mmoja. Ilitangaza kwamba Ujiji ni mahali panapomilikiwa na mtu wa mbali, na mara jambo hilo likishakubaliwa, kilichobaki ni kuulizana ni mtu yupi wa mbali. Barghash alitaka kuwatangulia Wazungu kwa kunyoosha mkono wake hadi ziwani. Wazungu hawakujali kitambaa kile.

Na ziwa nalo lilikuwa likiondoka. Cameron alikuwa ameuona mto Lukuga, upande wa magharibi, mwaka 1874, mdomo wake umezibwa na majani. Mwishoni mwa muongo huo kizuizi kilikatika, na Hore alipoutembelea mwaka 1879 alikuta maji yakitoka kwa kasi kuelekea Kongo. Kina kikaanza kushuka mwaka baada ya mwaka. Mji uliokuwa na mitumbwi mlangoni uliona ufuko ukienda mbali, na leo mahali wanapoonyesha kuwa Livingstone na Stanley walikutana ni mwendo wa miguu kutoka majini.

Mwinyi Kheri alifariki mwaka 1885. Mwaka huo, Machi, meli ya wamisionari iitwayo Good News ilishushwa majini kusini mwa ziwa. Februari mkutano wa Berlin ulikuwa umemalizika, na Agosti Leopold wa Ubelgiji akatangaza mipaka ya dola lake la Kongo, mstari ukipita katikati ya Ziwa Tanganyika. Maji ambayo mtumbwi wa Ujiji uliyavuka ili kuwaunganisha watu wa pande mbili, yalichorwa kwa kalamu yakawa ukuta. Mfanyabiashara wa kizazi kilichofuata angevuka na bidhaa zilezile, samaki wakavu, mawese, chumvi, nguo, akakuta anaitwa mlanguzi.

Baada yake nguvu ilimwendea Muhammad bin Khalfan, maarufu Rumaliza, aliyekuwa mtu wa vita zaidi kuliko wa baraza. Alipigana na Wabelgiji magharibi ya ziwa akashindwa mwaka 1894. Wajerumani waliweka kituo chao Ujiji mwaka 1896, chini ya Hans von Ramsay, na mwaka 1914 reli ikafika Kigoma, penye bandari ya kina, kilomita chache tu kutoka mji wa zamani. Biashara ikahama na reli.

Watu hawakuhama wote. Wengi wa waliokuwa watumwa, na watoto wao, walibaki Ujiji wakawa ndio mji: wavuvi, wajenzi, waalimu wa Kurani, wafanyabiashara wadogo. Wengine walikwenda Rumonge na Usumbura, wakawa msingi wa jamii za Waswahili wa Burundi, wengine Uvira, wengine walifuata njia ya misafara kwa kuigeuza, kutoka bara kwenda pwani. Walipofika Dar es Salaam waliitwa Wamanyema, kwa jina la nchi walikotekwa babu zao, nao hawakulionea haya. Walinunua viwanja, wakajenga nyumba, wakaanzisha chama chao, na Kariakoo wakajenga msikiti ambao hadi leo unaitwa Msikiti wa Manyema.